Wapimaji Wamefika Mamba

Kila alasiri, baada ya kutoka shule, Beatha na mdogo wake Wilbard waliosha tangawizi. Hiyo ilikuwa kazi yao, na kule Mamba hakuna mtoto asiyeijua. Mama alichimba asubuhi akaacha rundo kando ya mfereji nyuma ya nyumba. Wao wakirudi waliketi juu ya mawe, wakachukua kipande kimoja kimoja, wakakisugua mpaka udongo wote utoke kwenye vifundo. Maji ya mfereji ule yanatoka juu msituni, ni baridi kiasi cha kuuma mifupa. Ukiosha tangawizi kwa muda, vidole vyako hukunjamana kama vya bibi kizee.

Lakini wiki ile Wilbard aliosha peke yake. Dada yake alikuwa amekalia debe lililogeuzwa, miguu ndani ya maji ili aonekane yumo kazini, na kitabu magotini.

"Dada, Mama akija je?" Wilbard aliuliza.

"Akija nitasikia. Wewe osha."

Kitabu chenyewe kiliitwa *Wapimaji*. Kilikuwa riwaya nene yenye jalada jeusi, na juu ya jalada palichorwa mkono wenye glavu nyeupe ukishika ufito. Riwaya ilisimulia mji wa kubuni uitwao Lindamoyo, ambako watu wanaanza kuugua ugonjwa usioeleweka. Siku moja wanafika wageni waliovaa makoti meupe. Wanampanga kila mtu mbele ya ufito, wanampima urefu, wanampa vidonge, wanaondoka bila maelezo. Mwandishi wa habari mmoja, jina lake Kanoro, anaanza kuuliza maswali, na kila anayemjibu anatoweka. Beatha alisoma huku nywele zimemsimama. Alikuwa darasa la sita, msichana mwenye akili na mwenye sifa ya kuaminika, na hakuwahi kusoma kitu cha kutisha namna ile.

Kisa cha kukisoma kilikuwa filamu. Mwalimu Asteria, msimamizi wa maktaba ya shule, alikuwa ametangaza kwamba riwaya hiyo imetengenezewa filamu, naye ameipata. Jumamosi angeionyesha kwenye ukumbi wa kanisa, madirisha yakifunikwa mablanketi, kwa projekta ya kuazima. Shule nzima ilizizima kwa furaha. Kisha Mwalimu akaweka sharti lake kwa wanafunzi wa madarasa ya juu.

"Ataingia aliyekisoma kitabu mpaka mwisho," alisema. "Ukishaiona sura ya mtu kwenye filamu, huwezi tena kumchora mwenyewe kichwani. Kwa hiyo someni kwanza, tazameni baadaye."

Nakala zilikuwa chache, zikapita mkono kwa mkono. Zamu ya Beatha ilipofika alisoma kwa pupa hadi katikati, mahali ambapo mtoto wa kwanza wa Lindamoyo anameza vidonge, anatapika, anaanguka chini. Hapo akakwama. Nitasema ukweli, maana hadithi hii ni ya ukweli: hakukwama kwa hofu peke yake. Sura iliyofuata ilikuwa na watu wazima ofisini, wanajadiliana kurasa na kurasa. Beatha alitaka mambo ya kutisha, maongezi hakuyataka. Akawa anarudi nyuma kusoma upya zile sehemu za ufito na vidonge mpaka akazikariri. Alizisoma mferejini, akazisoma chini ya dawati, akazisoma hata kwenye paredi, amejificha nyuma ya msichana mrefu. Asubuhi moja mwalimu mkuu alitoa tangazo refu kuhusu jambo la afya, nalo likampita kama upepo.

Siku Mwalimu Asteria alipouliza nani amemaliza, Beatha alinyoosha mkono.

"Vizuri. Haya tuambie, mwishowe nani alikuwa nyuma ya yote?"

Jibu lilikuwa kwenye kurasa asizozisoma. Lakini mtoto huyu ulimi wake ulikuwa mwepesi. "Mwalimu, nikisema nitawaharibia wenzangu utamu."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akatabasamu, akaandika jina lake. Laiti mwalimu yule angejua alichokiruhusu kipite siku ile.

Alhamisi iliamka na ukungu. Ulishuka kutoka msituni, ukaficha migomba, ukaficha bendera, hata kengele ya shule ilisikika kama inapigwa mbali. Beatha alikuwa anafagia mbele ya darasa gari jeupe lilipojitokeza ndani ya ukungu ule, polepole, taa zikiwaka mchana. Likasimama chini ya mti wa mringaringa. Milango ikafunguka. Wakashuka watu wamevaa makoti meupe.

Wa mwisho kushuka alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunga ushungi. Aliingiza mkono ndani ya gari, akavuta kitu kirefu, akakiegemeza kwenye ukuta wa darasa la kwanza. Kilikuwa ufito wa mbao uliopakwa rangi vipande vipande, mrefu kuliko mtu mzima.

Ufagio ulimdondoka Beatha mkononi.

Msomaji wa mahali pengine huenda akacheka. Ufito ni ufito tu. Lakini kijijini kwao ufito haukuwa kitu cha kuchezea. Mwezi uliotangulia walikuwa wamemzika babu yao, na Beatha aliona kwa macho yake namna wachimba kaburi walivyomtuma mtu aje na ufito, akaulaza kando ya babu kitandani, akaukata pale miguu ilipoishia, akaenda nao makaburini. Kaburi lilichimbwa kwa kipimo kile, na ufito ukazikwa humo humo. Tangu wakiwa wadogo Mama alikuwa akiwakemea wakijipima kwa kijiti: aliye hai hapimwi kwa ufito, mnajiitia nini? Basi Beatha aliutazama ule ufito wa rangi, akayatazama makoti meupe. Kitabu kilikuwa kimetoka magotini mwake kikasimama uwanjani.

Kabla ya mapumziko alikuwa ameshamvuta Elirehema nyuma ya choo. Yeye na Elirehema walikaa dawati moja. Elirehema alikuwa kijana mwema, ila mdomo wake haukuwa na breki, na Beatha alilijua hilo vizuri.

"Umeona waliokuja?"

"Watu wa afya, kutoka Same. Wameleta dawa," alisema Elirehema.

"Ndivyo walivyosema Lindamoyo. Mimi nimemaliza kitabu, Elirehema. Wanakupima kwanza kama maiti, halafu wanakupa vidonge. Ukimeza umekwisha."

"Lakini kile ni kitabu tu."

"Watu hawaandiki vitabu hewani. Wewe uliona wapi mtu mzima anapima watoto kwa ufito?"

Elirehema alichungulia uwanjani. "Sasa tufanyeje?"

"Vibane kiganjani. Jifanye umetia mdomoni, unywe maji tu, halafu utupe kwenye michongoma. Waambie na wengine, ila walimu wasisikie."

Neno lilitembea. Shule ilipokaa kula makande, lilikuwa limeshafika darasa la pili. Watoto walikula kimya, na watoto wa Kipare kula makande kimya si jambo la kawaida. Nesi yule mwenye ushungi, aliyejitambulisha kwa jina la Ummy, alizunguka akiwahimiza wale washibe, kwa kuwa dawa ile haitakiwi kuingia kwenye tumbo tupu. Kisha akaeleza kwa sauti ya upole kwamba ni dawa ya minyoo na ya kichocho, ugonjwa unaomfanya mtu akojoe damu. Beatha hakusikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye ufito.

Mstari ukaanza. Mmoja mmoja walisimama, mgongo kwenye mbao, kisigino ukutani. Nesi Ummy alisoma rangi iliyogusa utosi, akahesabu vidonge, akampa mtoto na kikombe cha maji. Wilbard alipofika alimgeukia dada yake, akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo. Beatha alitikisa kichwa: usimeze. Wilbard akainamisha uso. Akanywa maji, akaondoka na ngumi imefumbwa.

Huenda mambo yangeishia hapo kama si Tumainieli. Tumainieli alikuwa mtoto wa darasa la nne asiyeyapenda makande, na siku ile sahani yake alikuwa amempa jirani. Uvumi ulikuwa haujamfikia. Alimeza vidonge vyote, akaenda zake uwanjani. Muda si muda akashika tumbo. Akatapika mbele ya bendera, akaketi, kisha akalala chini ndani ya ukungu, miguu imekunjwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Watoto walisimama tu wakitazama, na mmoja baada ya mwingine wakageuza macho kumwangalia Beatha. Alikuwa amesema, na imekuwa. Nesi Ummy alikimbia, akamwinua Tumainieli, akampa maji ya sukari, na baada ya kitambo mtoto alikuwa ameketi anaulizia nyumbani. Lakini hilo la mwisho hakuna aliyelijali. Mchana ule hata wakubwa wa darasa la saba walikwenda kwenye michongoma na ngumi zilizofumbwa, na jioni Elirehema akamsimulia baba yake habari hiyo.

Ijumaa gari jeupe halikuwepo. Lilikuwa limeshapanda kwenda kijiji cha juu, na Jumamosi lingeshuka kurudi Same. Beatha alijiona shujaa, nusu yake. Nusu nyingine ilikuwa na uzito asioujua jina.

Alasiri ile mferejini Wilbard aliosha kipande kimoja, akakiacha, akainuka. Aliingia kwenye migomba. Alikawia. Beatha alisikia sauti ndogo, ya mtu anayelia huku amejiziba mdomo, akamfuata.

Wilbard alikuwa amesimama kando ya mgomba, kaptula mkononi. Juu ya jani kavu la mgomba, chini yake, palikuwa na mkojo mwekundu.

"Wilbard, hiyo ni nini?"

"Usimwambie Mama."

"Ulimeza?" Beatha alimshika mabega. "Niambie kweli, ulimeza?"

"Sikumeza. Nilitupa kama ulivyosema." Wilbard alijifuta kamasi kwa mkono. "Ilianza zamani. Tangu nilivyorudi kwa Mjomba Hezroni."

Mjomba Hezroni alikuwa mchuuzi wa samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Wilbard alikaa kwake likizo nzima, na kila siku alishinda pembeni ya bwawa, maji magotini, akivua perege wadogo kwa kipande cha chandarua. Alirudi mweusi kwa jua, na kumbe alirudi na jingine.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa mtanipeleka kuchomwa sindano." Akavuta pumzi. "Jana nesi alisema ile dawa ni ya watu wanaokojoa damu. Nilitaka kuimeza, dada. Nilitaka sana. Wewe ukanitikisia kichwa."

Beatha aliachia mabega ya mdogo wake. Kitu kilichomtisha katika kitabu chote hakikufika hata robo ya hofu aliyoihisi pale chini ya migomba, akiutazama mwili ule mdogo uliokonda bila yeye kuona.

Lakini hofu haifungui akili papo hapo. Alijiuliza: kama dawa ni ya kweli, mbona Tumainieli alianguka? Mbona wana ufito? Alirudi kwenye debe lake, akakichukua kitabu, na kwa mara ya kwanza akafungua ile sura ya watu wazima ofisini. Akaisoma. Akasoma iliyofuata. Wilbard aliketi karibu naye akiosha polepole.

Kumbe yote yalikuwa katika maongezi yale. Wapimaji wa Lindamoyo walikuwa waganga wa kweli. Ufito ulikuwa wa kujua kiasi cha dawa, kwa sababu mrefu na mfupi hawapewi sawa. Yule mtoto aliyeanguka alikuwa amemeza dawa na njaa, akainuka siku ile ile. Aliyekuwa nyuma ya yote alikuwa tajiri mmoja aliyetaka ardhi ya mji, aliyejua kwamba watu wakikosa dawa watakufa au watahama. Hakutia sumu popote. Alitafuta tu watu wa kunong'ona kwenye foleni: msimeze, mtakufa. Watoto wa Lindamoyo walikufa kwa mnong'ono.

Beatha alifunga kitabu. Mikono yake ilikuwa ya baridi kuliko mfereji. Aliyakumbuka maneno yake mwenyewe nyuma ya choo, neno kwa neno, na yalikuwa maneno ya wale watu. Tena yeye hakulipwa na tajiri yeyote. Alifanya bure.

Mama alikuwa jikoni anapepeta mahindi. Beatha alisimama mlangoni, akamwita Wilbard asimame pembeni yake, akasema yote. Alianza na mkojo. Akamalizia na uongo aliomwambia Mwalimu. Alitegemea fimbo. Mama aliuweka ungo chini, akamvuta Wilbard kifuani, akakaa hivyo kwa muda.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema hatimaye, taratibu, juu ya kichwa cha mtoto. "Wewe umenificha maradhi, Wilbard. Na wewe Beatha ukayafungia mlango yasitoke. Siku ya kikao cha wazazi juu ya dawa hii mimi nilikuwa nimeshuka Same na tangawizi, na sikuuliza walichoongea. Kwa hiyo na mimi nimo. Vaeni viatu."

Mwalimu Asteria aliishi karibu na kanisa. Walimkuta uani anakung'uta mablanketi ya kesho.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibuni. Mama Beatha, kuna usalama?"

"Msikilize huyu," alisema Mama.

Beatha alisimulia tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Alipofika kwenye mwisho wa riwaya, alieleza kwa haraka, kama anayetoa ushahidi, kwamba sasa amesoma mpaka mwisho na anajua wapimaji ni watu wema. Hapo Mwalimu alimkatiza.

"Ngoja kidogo. Na kama mwandishi angemaliza kinyume, wapimaji wakawa wabaya kweli? Ungemwacha mdogo wako akojoe damu?"

Beatha alibabaika. "Sijui, Mwalimu."

"Riwaya haijui kilichomo tumboni mwa Wilbard. Ilitungwa na mtu aliyekaa mezani, ikutishe, ikufurahishe, ikufikirishe. Mimi naipenda ndiyo maana nikawapeni. Lakini nesi alikuwa amesimama mbele yako ana kwa ana, na hukumuuliza hata swali moja. Kanoro wako alikuwa anauliza, Beatha. Hilo ndilo ulilopaswa kulichukua kwake."

Akaitoa simu mfukoni, akampigia Nesi Ummy.

Jumamosi ukumbi ulijaa mapema. Mablanketi yalikuwa madirishani, ndani giza, kitambaa cheupe ukutani. Watoto walipomwona Nesi Ummy akiingia na ule ufito, mabenchi yalilia, wengine wakasogea mlangoni. Mwalimu Asteria alimsukuma Beatha mbele kwa kiganja mgongoni, si kwa nguvu.

"Mimi ndiye niliyesema dawa ni sumu," Beatha alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Sikuwa najua. Nilisema nimemaliza kitabu na nilikuwa sijamaliza. Nilidanganya. Wilbard anaumwa kichocho, na nilimzuia asimeze dawa yake."

"Na Tumainieli je?" mtu aliuliza kutoka gizani.

Tumainieli alijibu mwenyewe, tena kwa aibu. "Sikula. Makande yangu alikula Habibu."

Watu walicheka kidogo, lakini hakuna aliyesogea. Neno la hofu likishaingia halitoki kwa kicheko kimoja. Beatha aliona hivyo. Akavua viatu, akaenda ukutani, akaegemeza mgongo kwenye ufito. Mbao ilikuwa baridi. Kwa pumzi moja alimwona babu kitandani, na mtu aliyeinama na kisu. Akabana visigino ukutani.

"Umekula?" Nesi Ummy aliuliza.

"Ndiyo, nimekula ugali."

Nesi alisoma rangi, akahesabu vidonge. Vilikuwa vikubwa na vichungu, na Beatha alivimeza kimoja kimoja mbele ya shule nzima, akafungua mdomo, akainua ulimi waone. Kisha akamwita Wilbard. Wilbard alisimama wima kama askari, akameza vyake akitokwa na machozi kwa uchungu wa dawa, akaomba maji mengine. Baada yake akaja Elirehema. Baada ya Elirehema mstari ulifika mlangoni.

Nesi Ummy alikuwa na orodha, na mstari ulipoisha bado majina kadhaa yalikosa watu. Wazazi wao walikuwa wamewazuia nyumbani.

Mwalimu aliwasha projekta. Muziki mzito ukajaa ukumbi, na jina *Wapimaji* likatokea ukutani kwa herufi kubwa. Beatha aliliona. Kisha akamfuata nesi nje, akafunga mlango nyuma yake. Hakuna aliyemwambia atoke.

Walitembea nyumba kwa nyumba, wakipanda na kushuka vijia vya mashamba ya tangawizi. Kwenye kila mlango Beatha alipiga hodi, akaamkia, akasema maneno yale yale: mimi ndiye niliyesema, na nilikosea. Pengine walimsamehe, pengine walimfokea. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kina Elirehema. Baba yake, Mzee Simeoni, alisimama mlangoni na binti yake mdogo nyuma ya miguu yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Si wewe uliyesema watoto wetu wanauawa?"

"Ni mimi, baba. Nilisema uongo, wala sikuwa nimeuliza mtu. Elirehema amekwisha kunywa. Na mimi. Na Wilbard, na yeye anakojoa damu."

Mzee alimtazama nesi, akamtazama tena Beatha. "Wilbard, mtoto wa Aminieli? Yule mdogo?"

"Yule, baba."

Mzee alimshika binti yake mkono, akamsogeza mbele. "Mpimeni. Lakini ale kwanza."

Wilbard alipelekwa zahanati wiki iliyofuata kwa uchunguzi zaidi, na polepole mkojo wake ukasafika, tumbo likaacha kumkata, na mashavu yakarudi. Alikatazwa kabisa kuingia kwenye maji ya bwawa. Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Jioni ile ya Jumamosi hakuna aliyekuwa na uhakika wa kitu, na Beatha na nesi walishuka kutoka kwa Mzee Simeoni wakiwa wamechoka. Ukungu ulikuwa unarudi. Kutoka ukumbini watoto walikuwa wanatawanyika, wakisimuliana filamu kwa sauti za juu.

"Ulikuwa unaitaka sana ile filamu," alisema Nesi Ummy.

"Ndiyo, nesi." Machozi yalimlenga, akayaacha. "Nesi, vile vidonge tulivyotupa vimeharibika vyote?"

"Vimeharibika. Lakini hivyo visikuumize kichwa, mwanangu. Kidonge kikitupwa, kwenye kopo kuna kingine. Neno halina kopo. Ukishalitupa, kazi yako ni kulifuata kwa miguu, mlango kwa mlango, kama leo. Na huwezi kuwa na hakika kwamba umeifikia milango yote. Kwa hiyo siku nyingine ukiogopa kitu, uliza kwanza. Uliza hata kama sauti inatetemeka. Mimi nisingekukasirikia."

Beatha aliitikia kwa kichwa. Walifika njia panda, gari jeupe likiwa limewashwa linasubiri. Chini kidogo, mbele ya duka, mwanamke asiyemfahamu alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, akimsimulia mwenzake habari ya dawa za shuleni, na namna mtoto mmoja alivyoanguka na kufa.

Beatha alimuaga nesi, akateremka kwenda dukani.